Fundi Mbili-Mbili na Kitufe cha Chumba Namba Tisa

Miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Ndivyo faili la utumishi linavyosema, na Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, faili hilo litafungwa. Fundi wetu wa umeme na mitambo anastaafu. Wakurugenzi wanne wamekuja na kuondoka, mapazia ya ukumbini yamebadilishwa mara sita, na yeye muda wote huo alikuwa juu ya ngazi, kichwa darini, miguu ikining'inia.

Nimeombwa kuandika mimi kwa sababu meza yangu ya mapokezi inatazamana na mlango wa karakana yake. Kwa miaka kumi na tisa sijaweza kupiga mwayo bila yeye kuuona. Mkurugenzi alitaka wasifu uwe mchangamfu. Nitajitahidi, ila nikishindwa msinilaumu.

Alifika hapa akiwa na miaka ishirini na saba, kibarua wa kubadilisha taa. Kituo cha wazee kilikuwa na jengo moja na simu moja, na simu yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Kila kilichoongezwa baadaye, kuanzia kengele ya jikoni hadi kompyuta za wauguzi, kimepita mikononi mwake. Hana makuu. Chai yake ina sukari ya kutosha watu watatu, na akiulizwa kuhusu hilo hujifanya hasikii.

Jina la Mbili-Mbili lilimganda mwaka ule nilioajiriwa, tulipowekewa nyaya za mtandao. Akiambiwa apitishe waya mmoja, anapitisha mbili. Bwana Stoo, ambaye sote tunajua mkono wake ni wa birika, alimshtaki kikaoni kwamba anazika mali ya kituo ukutani. Fundi alijibu kwamba akiba haiozi, akarudi kwenye ngazi yake. Kila waya wa ziada aliufunga kikaratasi chenye maelezo ya ulikotoka na unakokwenda, akauviringisha na kuulaza darini.

Wapo pia wanaokumbuka simu ya mkurugenzi wa pili, iliyokuwa ikikatika kila siku asubuhi. Fundi aliitafuta hitilafu kwa siku mbili. Kumbe bosi mwenyewe alikuwa akinyoosha miguu chini ya meza na kuizima swichi kwa kiatu. Ripoti ya Fundi ilikuwa ya mstari mmoja: hitilafu imepatikana, inavaa viatu namba arobaini na nne. Ripoti hiyo ipo mpaka leo, nimeihifadhi mimi.

Wasifu wa kawaida ungeendelea hivyo, ukamalizia na orodha ya vyeti. Ndivyo nilivyokuwa nimeuandika. Nilipompa rasimu aliisoma amesimama, kisha akaniuliza habari ya mkewe iko wapi. Nikamwambia nimeiacha kwa heshima.

"Dada, andika na hilo," akasema. "Andika kwamba nilimwambia anasahau."

Basi naandika.

Mkewe wengi mnamjua. Ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba chetu cha kufulia kwa miaka ishirini na minne, na wazee walimwita Mama Foronya kwa sababu hakuvumilia kuona foronya iliyokunjamana. Alistaafu kabla ya mumewe. Miaka miwili iliyopita miguu ilimwishia nguvu, na binti yao wa pekee anaishi mbali, kwa hiyo akarudi hapa, safari hii kama mkazi. Alipewa chumba namba tisa, jengo la nyuma, ng'ambo ya ule mlango wa chuma wa kuzuia moto unaojifunga wenyewe.

Wakati huo kituo kilikuwa kimenunua vifaa vya nyumba janja. Kando ya kila kitanda kuna kitufe kisichozidi kifuniko cha chupa. Mzee akikibonyeza, taa inawaka mezani kwangu na simu ya muuguzi wa zamu inalia. Vitufe vyote huongea na kidude kimoja tu cha redio, kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta, kwa umbo ni kama flashi. Kidude hicho kilikuwa nyuma ya kompyuta yangu.

Mwezi wake wa pili hapa Mama Foronya, ambaye peke yake katika jengo la nyuma hakuweza kuinuka bila msaada, alianza kulalamika. "Nilibonyeza, hakuja mtu." Alisema hivyo mara tatu katika wiki moja, bila kupandisha sauti. Wauguzi walisema mtu akishakula chumvi nyingi huota hata akiwa macho. Mimi nilisema hivyohivyo, tena kwa kicheko. Fundi hakucheka. Alikwenda kupima. Alisimama kando ya kitanda, akabonyeza, akanipigia simu kuuliza kama taa imewaka. Imewaka. Alibonyeza mara kumi, ikawaka mara kumi. Siku iliyofuata akarudia, ikawaka vilevile. Mara ya tatu akaketi kitandani, akamwambia mkewe kwa upole kwamba kitufe ni kizima, ni yeye anayesahau. Muuguzi aliyekuwepo aliniambia Mama Foronya hakubisha. Aligeukia ukutani.

Siku tisa baadaye, baada ya chakula cha mchana, alitaka kwenda msalani. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Mwishowe aliinuka peke yake, akaanguka kati ya kitanda na kabati, nyonga ikavunjika. Alilala sakafuni karibu saa nzima. Taa ya mezani kwangu haikuwaka hata mara moja, na mimi nilikuwa hapo hapo, nakunywa chai. Kama yeye amekubali lake liandikwe, na langu liandikwe pia.

Mama akiwa bado hospitali, Fundi alikuja siku ambayo hakuwa kazini, amevaa shati la kutokea, mikono mitupu. Aliingia chumba namba tisa, akabonyeza, akanipigia. Nikamwambia hakuna kitu. Akabonyeza tena na tena. Hakuna. Kisha kwenye kamera ya ukumbi nikamwona mhudumu akipita na toroli ya vyombo, akausukuma mlango wa chuma, na palepale taa ikawaka. Mlango ukajifunga, taa ikazimika, na haikuwaka tena.

Alikuja mapokezi akakaa kwenye kiti cha wageni, kiti ambacho sijawahi kumwona akikikalia. "Nimekuwa nikipima mlango ukiwa wazi," akasema.

Kila mfanyakazi wa hapa anajua kwamba Fundi alipopita mlango ule aliuzuia kwa boksi lake jekundu la vifaa, ili apite na ngazi. Kila alipokwenda kupima, boksi lilishikilia mlango na mawimbi yalipita. Akimaliza, aliokota boksi, mlango ukajifunga, na mkewe akabaki upande wa pili anabonyeza bila kusikika. Mwanamke yule alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza.

Kesho yake asubuhi na mapema alianza kazi. Kwanza alijaribu kukivuta kidude kwa waya mrefu wa USB, lakini ukizidi mita chache kompyuta haikitambui tena. Ndipo alipopanda darini. Nilimsikia akitambaa juu ya kichwa changu, kisha akashuka ameshika ncha ya waya wenye kikaratasi kilichogeuka rangi. Kilisomeka kwa mwandiko wake mwenyewe: mapokezi hadi jengo la nyuma, wa akiba. Ulikuwa umelala humo miaka kumi na saba. Alifunga viboksi viwili vidogo vya kurefusha USB, kimoja kwenye kompyuta yangu, kingine ng'ambo ya mlango wa chuma, na waya ule wa mtandao ukaviunganisha moja kwa moja, ncha hadi ncha. Kidude cha redio akakitundika ukutani katikati ya ukumbi wa nyuma, antena imesimama. Bwana Stoo alitoa viboksi hivyo bila kuuliza fomu, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu azaliwe.

Alipima chumba baada ya chumba, mlango umefungwa. Boksi jekundu aliliacha chini ya meza yangu, vifaa akavibeba kwenye mfuko wa nailoni. Tangu siku hiyo halijavuka mlango ule.

Mama Foronya alirudi kutoka hospitali Jumatatu. Saa kumi jioni taa ya chumba namba tisa ikawaka. Muuguzi aliinuka, nikamshika mkono akae, kwa sababu Fundi alikuwa ameshaanza kutembea. Alimkuta mkewe hana shida yoyote, mto uko sawa, maji yapo. Alimtazama mumewe akasema, "Leo umesikia."

Kwa wiki kumi na moja zilizofuata alibonyeza kila alipotaka, na kila mara alikuja mtu, mara nyingi mtu yuleyule. Alifariki Jumanne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Fundi alikiacha kitufe mahali pake kwa siku kumi na nne. Kisha alibadilisha betri, akakifuta kwa foronya safi, akakipima kwa ajili ya mkazi mpya. Nilikuwa nikimtazama kwenye kamera ya ukumbi, mlango wa chumba ukiwa wazi, na nililia bila kujificha.

Kwenye mlango wa chuma sasa kuna kibao alichokiandika kwa mkono: PIMA MLANGO UKIWA UMEFUNGWA. Anayempokea kazi ameahidi kutokigusa. Boksi jekundu linabaki kwetu pia, chini ya meza yangu, na mimi nimeshazoea kuweka miguu juu yake.

Fundi, kwa niaba ya wafanyakazi na wakazi wote, asante kwa kila taa, kila simu, na kila waya ulioupitisha mara mbili. Tunakutakia maisha mema, afya, na binti karibu nawe mara nyingi zaidi. Namba ya mapokezi unaijua, wewe ndiye uliyeifunga simu yenyewe. Piga wakati wowote. Na ikitokea siku ukasema uliita hakuja mtu, tutakuamini.