Matanga Upande wa Pili wa Ua

Sifa zimrudie Mungu aliyetukutanisha asubuhi hii. Mnivumilie.

Wengi mnajua kuwa mume wangu aliondoka wakati ule wa kipindupindu, pale mtaani kwetu Nguvumali. Watu wa afya walimzika wenyewe, na matanga wakayakataza. Wakwe zangu kule milimani walilia kwenye simu mpaka nikaiweka chini. Sisi Wasambaa msiba wetu una sauti. Lakini mimi machozi hayakuja. Ndugu zangu, nawaambia, nilijikuta nafua mashati yake. Namfulia nani? Sijui.

Aliyenichanganya zaidi ni jirani yangu, mama wa Kiarabu. Tumeombana chumvi miaka yote. Alisimama nyuma ya ua wa makuti, macho makavu, akasema, "Subira, mwanangu. Ni kazi ya Mola." Basi! Nikajiuliza, huyu mama ana moyo gani? Nikaacha kumwitikia, na kula nikaacha. Nami nilikuwa na mtoto mchanga, maziwa yakanikauka. Mtoto akilia namtazama tu, kama si wangu. Niliogopa, lakini hata uoga wenyewe ulikuwa mbali.

Asubuhi moja nikasikia mkeka unatandikwa upande wa yule jirani. Nikachungulia. Kakaa na binti zake, wamejitanda kanga, kimya.

"Shikamoo mama. Mnafanya nini hapo?"

"Marahaba. Tuko matangani."

"Si yamekatazwa?"

"Kwako ndiko hatuingii. Hapa ni kwangu, na hawa ni wanangu."

"Mbona hamlii?"

Akanitazama kwa mshangao, kama na yeye hanielewi. "Kwetu maiti hapigiwi mayowe, mwanangu. Tunakaa. Wewe lia kama kwenu wanavyolia, sisi tupo. Uji nimekuwekea mlangoni, unywe ungali moto."

Ndugu zangu, nilipiga yowe! Mtaa mzima ulisikia. Nikanywa uji huku nalia, mtoto kifuani. Na wao hawakuinuka. Kila siku walitandika mkeka, kila siku uji, mpaka maziwa yakarudi.

Hata leo sielewi sawasawa. Mtu asiyetoa chozi ndiye aliyenifungulia machozi yangu. Namshukuru, na ninyi mlionisogezea maji na sabuni nawashukuru. Langu kwenu ni hili: msiba ukimkuta mwenzako, usimpime kwa machozi ya kwenu.

Na mtoto mwenyewe ndiye huyo anayekimbia katikati ya mabenchi. Mzee wa kanisa, nakuomba, usimkamate. Mwache akimbie.