Waliniombea Nikiwa Hai

Ndugu zangu wa chama cha kuzikana, mwenyekiti kasema nitoe ushuhuda bila kutaja jina la mtu. Haya, simtaji.

Nimeimba bendi hapa Morogoro tangu nywele zikiwa nyeusi. Nikaota uvimbe kooni, nikapasuliwa. Nilipopona, ile sauti nyembamba ilikuwa imekwenda, imebaki hii nzito ya mikwaruzo. Kiongozi wa bendi akasimama jukwaani pale Msamvu, nami nimekaa namtazama, akasema: "Dada yetu sauti imekufa. Tumwombee." Na watu wakainamisha vichwa! Nawaambia, nilikimbilia Mkuyuni kwa mama, nikakaa miezi bila kumwimbia hata mjukuu.

Siku moja mama anachambua maharage, akaniuliza, "Hivi wewe umezikwa na nani, mbona mimi mzazi sikupewa taarifa?"

Hasira ikanipanda. Hasira ndiyo iliyoniponya, ndugu zangu, asiwadanganye mtu. Kila asubuhi nikawa napanda mlimani kujifunza upya zile nyimbo za jazi na soul nilizozisikia redioni nikiwa binti. Sauti nyembamba isingeziweza. Hii ya mikwaruzo ilizienea kama kiatu cha kupimwa. Nikarekodi albamu nzima.

Siku ya uzinduzi nikamwalika bwana yule, kiti cha mbele. Wimbo wa mwisho ulikuwa utunzi wake wa zamani, nimeugeuza soul. Nanyi mnajua desturi ya bendi: mtunzi akiwepo, sharti apande aitikie. Akapanda. Nikamkonyeza mpiga gitaa, akaupandisha hadi ile sauti ya juu tuliyouimbia ujanani. Mimi nikanyamaza, nikamwachia. Angeweza kuimba chini, lakini kiburi! Sauti ikakatika. Akarudia, ikakatika tena. Nikashika kipaza sauti: "Kaka yetu huyu. Tumwombee."

Ukumbi ulivyocheka! Nilifurahi, Mungu anisamehe, na mpaka leo nafurahi.

Namshukuru mama, daktari, na huyo mpiga gitaa mwenye roho mbaya kama yangu. Nawashukuru nanyi mlioniletea uji hospitali. Funzo langu ni fupi: chama hiki kinazika waliokufa. Anayepumua mwacheni kwanza aimbe.

Jina sijataja, mwenyekiti, umesikia mwenyewe. Ila yule aliyejivutia kofia usoni kule nyuma, mpeni maji. Koo limemkauka.