Barua Zangu Zote Ziko kwa Wenyewe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na wewe uliyekaa karibu na mlango. Mimi ni Susu Kalondu, bibi yenu wa hapa Mokowe, na leo nimesimama na hasira na shukrani pamoja.

Shule niliishia darasa la nne. Mwalimu wangu aliitwa Nzioka, na niliokaa nao dawati moja ni Ndunge na Kasyoka. Sisahau jina mimi! Lakini Mungu alinipa mkono wa kuandika. Hata siku hizi za simu, watu huja niwaandikie barua: za kuomba kazi, za kuomba radhi, za mume aliyenyamaza huko Mombasa. Naandika rafu, nakusomea, unarekebisha, nanakili safi, unaondoka nayo. Ile rafu naitia kwenye jiko la makaa ukiona kwa macho yako. Ndiyo maana hata akina mama wa Pate hupanda boti pale Mtangawanda wakanijia.

Basi ikafunguliwa ofisi moja hapa. Wanatafuta mtu wa kuviandikia vikundi vya akina mama barua, kila kikundi kikihitaji. Nikasema, Bwana, hii ni yangu! Nikaenda. Msimamizi, Bi. Mutheu, rika la wajukuu wangu, akaniuliza, "Susu, sampuli ziko wapi?"

"Ziko kwa wenyewe."

"Basi kwangu mimi hujaandika kitu. Leta tatu Ijumaa."

Ndugu zangu, nilichemka! Vidole vimepinda kwa kushika kalamu, halafu sijaandika kitu!

Jirani yangu Mama Furaha akanicheka. "Si una ile ya yule mama wa Pate, niliyemwona akikuachia? Peleka hiyo. Nani atamwambia?"

Kweli nilikuwa nayo. Mama huyo aliniachia barua ya kumwomba radhi mama mkwe wake, mpaka apate moyo wa kuipeleka. Jina lake nalijua, na la babake, na hamtalisikia kinywani mwangu! Lakini shetani si mjinga. Ijumaa niliitia kwenye mkoba, nikaenda nayo.

Nilipofika mezani, mkono ukaingia kwenye mkoba, ukakataa kutoka. Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, niokoe na mimi mwenyewe! Hapo mdomo ukafunguka. "Bi. Mutheu, wewe huna mtu uliyeshindwa kumwandikia?"

Akacheka. Halafu akanieleza habari ya dada yake, nami nikaandika palepale. Nilipomsomea alitoa leso, akainua kidole tu, nirudie mstari wa mwisho. Kisha akaikunja barua, akaitia kwenye pochi yake.

"Hapana," nikamwambia, "hiyo ni sampuli yangu. Itie kwenye faili."

"Susu! Mambo ya nyumbani kwetu yasomwe na ofisi nzima?"

"Kumbe unajua!" Ndugu zangu, nilipiga meza! "Basi na hao wa kwangu wana nyumbani kwao!"

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, Susu. Niandikie tatu za watu wasiokuwepo. Watunge mwenyewe."

Nikazimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kazi nikapewa.

Yule mama wa Pate alipokuja nilimrudishia barua yake mkononi, nikamwungamia nilichotaka kufanya. Alinikasirikia, na ana haki. Kisha akasema, "Nisomee mara moja tu, niende nayo leo." Akaenda nayo.

Namshukuru Mungu aliyeuzuia mkono wangu! Na wewe ambaye kazi yako haionekani, unayeambiwa hujafanya kitu, usiuze siri ya mtu ili uaminike. Mtegemee Yeye. Aliisoma kila rafu kabla haijaingia kwenye jiko. Na wewe unayewadai wazee sampuli, daima uliza kwa adabu!

Amina.