Baba wa Mtoto Anatakiwa Ndani

Benchi letu limetazamana na mlango wa ile kliniki mpya, kwa hiyo hakuna anayeingia wala kutoka bila sisi kumjadili. Kibao chake kimeandikwa: "Ayurveda na Ushauri Nasaha kwa Wanawake na Watoto." Mimi ndiye muuza kahawa, kazi yangu ni kumimina, na masikio nimepewa bure. Asubuhi hiyo Fundi Cherehani alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa pembeni kabisa, akaomba kahawa na kuiacha ipoe. Binti yake mdogo alikuwa hapati usingizi. Kila jioni tumbo linamsokota, na hospitali wamempima wasione kitu. Mama yake akamleta hapo kliniki. Sasa wameagiza baba naye aende saa nne; mama na mtoto walikuwa wametangulia ndani, na saa nne ilikuwa inakaribia.

— Usiende, alisema Breki, dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa kukosa hicho kitu mlimani. Mwanamume akiingia mle hatoki alivyoingia.

— Anatokaje? Fundi aliuliza.

— Ananukia.

Profesa alikohoa. Huyu hajafundisha popote. Jina alilipata kwa kusoma kila kipande cha gazeti kinachofungiwa karanga.

— Ayurveda ni tiba ya kale kutoka India, alisema. Wanakushika mkono, wanasikiliza mapigo, hapohapo wanajua ulichokula juzi.

— Na ulikokula? Breki aliuliza haraka.

— Na ulikokula.

— Basi hiyo si kliniki, ni kituo cha polisi!

Fundi hakucheka.

— Walimpa mama watoto kichupa cha mafuta, alisema. Mafuta ya ufuta, yamechemshwa na majani. Wakasema baba ndiye ampake mtoto nyayo kabla ya kulala, akae naye kidogo.

— Umempaka?

— Nilitia kwenye cherehani.

Profesa aliweka kikombe chini.

— Cherehani ilikuwa inapiga kelele! Fundi alijitetea. Na mafuta yenyewe yanang'aa, nikaona yanafaa kazi kubwa kuliko nyayo. Mwanzoni ikashona vizuri ajabu. Kesho yake ikaganda. Mpaka leo sindano haishuki.

— Imelala! Breki alijipiga paja. Dawa ya usingizi inafanya kazi, bwana, ila imempata asiye mgonjwa!

Nusura niangushe birika kwa kicheko.

— Mafuta si tatizo, alisema Profesa. Tatizo ni huo ushauri. Wanamkalisha mtoto mkekani, wanampa rangi achore nyumba yenu. Anachora paa, anachora mlango. Wewe ukichorwa mdogo kuliko kuku, kesi imekwisha.

— Sisi hatufugi kuku.

— Ndio ubaya wake. Atamtoa wapi huyo kuku? Wataanza kuchunguza.

— Nisikilizeni mimi, alisema Breki, akishusha sauti. Shemeji yenu aliingia mle kwa sababu ya mgongo. Wakamkanda, wakazungumza naye, akatoka. Tangu siku hiyo ananijibu kwa upole.

— Si vizuri?

— Vizuri wapi? Sijui anapanga nini! Kuna kitu wanafundishwa. Siku moja wanawake wote watakuwa wapole kwa pamoja, na sisi tutakosa pa kukimbilia.

— Ni yale majani, Profesa aliamua. Yanapunguza hasira. Mwanamke akiishiwa na hasira anaanza kufikiri, na akianza kufikiri, wewe na mimi ndio wa kwanza kufikiriwa.

— Nyinyi mnacheka, alisema Fundi. Mwanangu anakonda.

Nikaona aibu kwa kicheko changu, nikajifanya naongeza mkaa.

Pembeni alikuwa amesimama mleta mitungi ya gesi, mgeni kabisa kwetu, ametua mzigo wake anywe kahawa.

— Samahani, wakubwa zangu, alisema. Na mtoto mwenyewe anasemaje?

— Kuhusu nini?

— Kuhusu huko kutolala.

Breki akamtazama Profesa. Wote tukamgeukia Fundi.

— Sijamuuliza, alisema. Nilimuuliza mama yake. Nikawauliza nyinyi.

Akainuka, akavuka barabara. Mlangoni akavua viatu, na benchi zima tukaona kidole kinachungulia kwenye soksi.

— Fundi mzima! Breki alinong'ona, lakini hakuna aliyecheka.

Nilimimina, nikamimina tena. Mleta gesi aliaga akaenda zake. Fundi alipotoka, aliwaacha mkewe na binti yao mlangoni, akaja kwetu. Hakukaa.

— Wamekukanda? Breki aliuliza.

— Hapana.

— Mapigo je? Profesa akadakia.

— Hapana. Nimekalishwa mkekani na mwanangu, tukaachwa tuongee.

— Anasemaje?

Fundi alijifuta uso kwa mkono wa shati.

— Anasema kila jioni akipita hapa na mama yake ananisikia nacheka nanyi. Nikifika nyumbani sina neno. Anadhani nina hasira naye. Anajilaza macho wazi, akitafuta amekosa nini.

Akatugeuzia mgongo, akavuka. Tuliwaona watatu wakishika njia ya nyumbani, Fundi katikati, akiongea kwa mikono yote miwili kama mtu anayeuza kitambaa. Binti alikuwa ameinua uso kumtazama.

Breki alisimama, akajipangusa suruali.

— Unakwenda wapi? Profesa aliuliza. Kahawa bado ipo.

— Nyumbani.

— Kufanya nini saa hizi?

— Sijui, alisema Breki. Nitaanza na salamu.