Papa Zagabe na Mawe ya Mto Kashenyi

Papa Barthélemy Zagabe anastaafu tarehe 30 Juni 2003, baada ya miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha utafiti wa udongo hapa Bukavu. Kwa hesabu yake mwenyewe amechimba mashimo elfu tano na mia tatu, na anaapa kwamba aliyafukia yote. Maman Godelive wa mapokezi ana maoni tofauti, kwa kuwa shimo moja la mwaka 1987, nyuma ya jengo, lilimlaza wiki sita. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila siku ile mkuu mwenyewe alikuwa amesahau kusema.

Aliingia hapa mwaka 1969 kuosha chupa za maabara. Wataalamu walipokuwa wakienda kula mchana, yeye alibaki akiusugua udongo wao kati ya vidole, akiusikiliza sikioni kama una mchanga, na mara nyingine akiuonja. Kufikia mwaka 1975 wataalamu walikuwa wakisubiri arudi kutoka kula ndipo waandike majibu yao. Hakuwahi kupata diploma. Alipata jembe, ndoo, na baadaye cheo cha mkuu wa sehemu ya mashambani, ambacho alikivaa na suruali ileile yenye magoti mekundu.

Mapenzi yake makubwa, baada ya Maman Nsimire mkewe, ni mawe. Mkulima yeyote akiona shamba la mawe kando ya mto huvuta midomo na kupita. Papa Zagabe huvua viatu. Ametufundisha sisi sote kwamba mto unapofurika hufanya kama tulivyofanya tulipokimbia vita mwaka 1996: mizigo mizito tuliitua mapema, myepesi tukafika nayo mbali. Mto nao huyamwaga mawe na changarawe karibu na ukingo, hapo panainuka kidogo, kisha maji yaliyochoka yanakwenda kulala bondeni nyuma na kuacha tope laini. Ndiyo sababu shamba lililo karibu zaidi na mto huwa la kwanza kukauka, na lile jeusi, zuri, lililo mbali, hubaki na maji miguuni kwa siku nyingi.

Hajawahi kuyasifu mawe kupita kiasi. Anakiri kwamba udongo wa namna hiyo hauna akiba: maji yanapita, na mbolea inayafuata. Ukiupa samadi yote siku moja, unalisha mto. Unataka upewe kidogo kidogo, ufunikwe majani ili jua lisiunyonye, na mwenye shamba awe na subira, kwa maana jembe jipya humalizika makali kwa msimu mmoja. Lakini chimba chini uone, husema: rangi ni ya kahawia hadi mwisho. Kule bondeni utakuta kijivu chenye madoa ya kutu, maana yake maji hukaa humo hadi mizizi inakosa pumzi.

Vita vilimletea taabu zake. Kwenye kizuizi cha barabara ya Nyangezi wanajeshi walimkuta na vifuko vya changarawe, kila kimoja na namba yake, wakaamini wamempata mfanyabiashara wa madini. Alijitetea hivi: "Chef, hii iko mawe tu. Kama ingekuwa zahabu, ningetembeaka na miguu?" Walivizuia vifuko wiki mbili, wakavirudisha kwa hasira, kama watu waliotukanwa. Saa yake ya mkononi hawakuirudisha. Aliyonunua baada ya hapo ilikwenda na vita vya mwaka 1998, na saa ya ukutani ya kituo iliondoka na waporaji wakati huohuo.

Kupima jinsi maji yanavyozama bila saa si rahisi. Papa Zagabe akapata njia ya Kikatoliki. Unachimba shimo dogo, unamimina kopo moja la maji, unaanza Salamu Maria, na unahesabu hadi maji yaishe. Ripoti zetu za miaka ile zinasomeka hivyo: shamba la Mudaka, Salamu Maria tano, kiwanja cha shule huko Bagira, kumi na nane. Mgeni mmoja kutoka ng'ambo aliuliza hicho ni kipimo cha nchi gani, akajibiwa kwamba ni cha mbinguni. Kwa kuwa Papa Zagabe husali kwa mwendo mmoja, kama anavyotembea, kipimo kilifanya kazi vizuri sana alipokitumia mwenyewe.

Hapo ndipo tunafika kwenye Septemba 1999, na hapo mimi, Clémence, ninaingia kwa aibu.

Familia sitini na mbili zilizokimbia kutoka Mwenga zilikuwa zimeazimwa ardhi na parokia, katika uwanda wa mto Kashenyi chini ya Nyangezi. Sehemu moja ilikuwa ya mawe, kando ya maji. Nyingine nyeusi, bondeni, ikimeremeta. Mbegu za maharagwe zilizokuwa zimefika zilitosha kupanda mara moja tu, tena sehemu moja tu. Barabara ilikuwa inaweza kufungwa siku yoyote. Maharagwe hayo yakioza, hakukuwa na mengine, na watu wale walikuwa tayari wanakula mara moja kwa siku.

Papa Zagabe alikuwa kitandani na malaria, akatutuma wawili. Mimi nilikuwa katika miezi ya majaribio, nikapima mawe. Mwenzangu Delphin akapima udongo mweusi. Nilirudi na Salamu Maria kumi na moja, yeye na sala kumi na mbili. Tuliandika kwamba maji yanazama karibu sawasawa pande zote mbili, tukagonga muhuri wa mkuu wa sehemu, kwa kuwa ripoti zetu husainiwa na mkuu, si na aliyeshika kopo. Papa Grégoire, mkurugenzi wetu, alifanya ambalo kila mtu angelifanya: kama maji ni yaleyale, chagua udongo unaopendeza. Alisaini, vigingi vikapigwa bondeni, na kupanda kukawekwa siku ya Jumatatu.

Jumamosi Papa Zagabe aliisoma ripoti akiwa bado anatetemeka chini ya blanketi, nyumbani kwake Bagira. Alituita. Hakugomba. Alituomba tu tusali mbele yake, mmoja mmoja, huku Maman Nsimire akisikiliza.

Mimi nimelelewa bweni la watawa, ambako sahani ya ugali ilikuwa inapoa mbele yetu hadi Amina. Nilisali kama nilivyozoea. Maman Nsimire aliacha kuchambua mchele, akaniuliza: "Clémence, weye unasali ao unafukuzwa?"

Kisha ikawa zamu ya Delphin. Alikuna kichwa, akasema: "Papa, kwetu ni Waprotestanti. Salamu Maria hatuisemake. Mimi nilihesabu na Baba Yetu." Na aliisali hiyo Baba Yetu polepole, macho yamefumbwa, akipumzika kila mstari, na mwishoni akaongeza shukrani kwa ajili ya wazazi wake. Sala zangu kumi na moja zote zingeingia ndani ya moja yake. Maman Nsimire alicheka hadi akamwaga mchele. Papa Zagabe hakucheka. Alikuwa ameshaanza kutafuta suruali yake.

Jumapili baada ya misa lori lilitushusha Nyangezi, tukamsindikiza hadi uwandani, akisimama kila mara kupumua. Papa Grégoire alikuwa harusini upande wa pili wa mji na hakukuwa na njia ya kumpata. Familia zilikuwa zimekusanyika na majembe yao, na kiongozi wao, Maman Domitille, hakufurahi hata kidogo aliposikia habari ya kuhamia kwenye mawe. Alisema mbele ya wote: "Vita ilishatukamata mashamba. Sasa weye, Papa, unatuletea mawe? Watoto yetu itakula mawe?"

Papa Zagabe alichukua jembe. Alichimba shimo moja kwenye mawe na kuomba kila mtu asali pamoja, kwa mwendo wa kanisani, ili asiwepo wa kukimbia wala wa kuchelewa. Delphin aliombwa anyamaze tu na kushika kopo. Salamu Maria ya tatu haikufika Amina, maji yalikuwa yameisha. Tulihamia bondeni, tukasali tena. Tulimaliza fungu la kwanza la rozari, Salamu Maria kumi, kisha la pili na la tatu, na maji yalikuwa bado yanatuangalia.

Maman Domitille aliinama akayatazama. Akasema: "Kama maji iko inakatala kuingia, maharagi yangu itapumua namna gani?" Akaenda mwenyewe kwenye kigingi cha kwanza, akaking'oa. Wengine wakafuata. Kabla ya saa tisa vigingi vyote vya mkurugenzi vilikuwa vimesimama kati ya mawe, isipokuwa kimoja ambacho, ninasikitika kusema, kilikuwa kimeshapikia chai.

Tarehe saba Desemba mto ulitoka. Bonde lile jeusi likawa ziwa kwa siku tisa, na bata wa parokia walihamia huko. Kwenye mawe maji yalipanda asubuhi, yakashuka kesho yake, na siku ya tatu maharagwe yalikuwa yamesimama, machafu lakini hai. Tulipoteza safu chache za ukingoni. Januari familia zote sitini na mbili zilivuna. Barabara ilikuwa imefungwa tangu Noeli, wala hapakuwa na chakula kingine cha kuwafikia. Niliyaona maharagwe yale kwenye ungo wa Maman Domitille nikalia mbele za watu, wakadhani nimeng'atwa na nge.

Sasa niseme ambalo halikusemwa kwenye mkutano wowote. Papa Grégoire alikuwa ameaibika mbele ya parokia. Muhuri wa Papa Zagabe ulisema bonde ni sawa na mawe, kisha Papa Zagabe huyohuyo akahamisha mpango uliosainiwa. Mkurugenzi alimwandikia barua ya onyo na kumshusha cheo. Baada ya mafuriko alikuwa tayari kuichana barua ile, kwa sharti moja la haki kabisa: aambiwe nani alipima. Papa Zagabe alimjibu kwamba njia ya kupima ilikuwa yake, basi kosa ni lake, na kuhusu vigingi alisema aliving'oa yeye. Aliitwa mara tatu, akajibu hivyohivyo mara tatu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango mara zote tatu, na nilikaa kimya, kwa sababu mtu wa majaribio hufukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

Mwaka 2001 kiti chake kilitafutiwa mtu, na nikapewa mimi. Aliniletea ufunguo wa ofisi mwenyewe, akanionyesha droo inayokwama, na tangu hapo amekuwa akinisalimia "Chef" bila dhihaka yoyote, jambo ambalo limeniumiza kuliko dhihaka.

Kwa hiyo, Papa Mkurugenzi, unaposoma ukurasa huu leo, ujue kwamba aliyepima mawe ni Clémence, na aliyepima bonde ni Delphin, ambaye amekubali jina lake liandikwe. Barua ile ilikuwa yetu. Tunaomba itolewe kwenye faili ya Papa Zagabe na iwekwe kwenye zetu, leo, kabla ya keki.

Mtaona pia kwamba kwenye jalada la programu hii ya sherehe ya kumuaga mpiga chapa aliandika "Msaidizi wa Mkuu wa Sehemu" chini ya jina lake, kama orodha ya kituo inavyosema. Delphin na mimi tumelikata neno "Msaidizi" kwa kalamu, kwenye nakala zote themanini. Hatukuomba ruhusa ya mtu.

Papa Zagabe, asante kwa miaka thelathini na minne, na kwa kimya chako cha miaka mitatu na nusu. Kaa salama na Maman Nsimire, miaka iwe mingi, na amani ikukute ungali na nguvu za jembe. Nenda nyumbani, Mkuu.