Sumaku Zilizooana

Benchi lile lilikuwa ubao mmoja juu ya mawe mawili, kwenye kona inayotazamana na kituo cha kupimia majani chai. Jioni, lori likishaondoka na magunia, wanaume walikaa hapo kunywa chai aliyouza Marcella pembeni na kuitengeneza dunia upya. Jioni hiyo Kipkosgei, fundi wa redio waliyemwita Waya, alifika akiburuta miguu, kidole kimefungwa kitambaa, mkononi kitu kizito kilichofunikwa kwa gunia. Jana yake alikuwa ameangusha spana ya bomba ndani ya kisima chake. Spana ilikuwa ya kuazima kutoka Londiani, na pale kijijini hapakuwa na nyingine. Bila hiyo, bomba la mwisho la maji ya chemchemi halingefungwa, na kesho ndiyo siku maji yalipaswa kufika hapo kwenye kona.

— Waya, akina mama wameshapanga mitungi, alisema Sagini, mwenyekiti wa kikundi cha maji, ambaye kila mtu alimwita Kamati. Wakikosa maji kesho, nitawaambia hiyo mitungi waipange mlangoni kwako.

— Najua, Kamati. Sijalala.

Waya aliweka mzigo wake juu ya sinia la Marcella na kuinua gunia kidogo. Zilikuwa sumaku mbili nene, za duara, alizozibandua kwenye spika kuukuu za kanisa. Zilikuwa zimeng'ang'aniana kama kitu kimoja.

— Nilitaka kufunga moja kwa kamba niitumbukize kisimani. Nikaacha hii mezani, nikashika ile nyingine. Kufumba na kufumbua, zimerukiana. Kidole kilikuwa katikati.

— Kwa hivyo kidole ndicho kilikuwa mshenga, alisema Nyamwange. Huyu walimwita Injinia, kwa kuwa msimu mmoja aliwahi kuendesha trekta.

— Cheka tu. Sasa zimeoana. Zinashughulikiana zenyewe, haziwezi kutafuta chuma kingine. Lazima nizitenganishe.

Wote walitikisa vichwa. Jambo hilo lilionekana wazi kabisa.

Kamati alishika upande mmoja, Waya upande wa pili, wakavuta mpaka benchi likapinduka. Chai ya Injinia ikamwagika.

— Si kwa nguvu, alisema Injinia akijipangusa suruali. Zichemsheni. Chuma kikipata joto kinalegea.

— Si kwa sufuria yangu, alisema Marcella. Na nani amechukua kijiko changu cha sukari? Kilikuwa kwa hii sinia.

— Mama, tuko na shida ya maji hapa, wewe unauliza kijiko?

— Bila kijiko hunywi chai, Injinia. Simama nione kama umekikalia.

Alisimama. Hakikuwapo.

— Zipakwe siagi, alisema Kamati. Zitateleza.

— Siagi ya nini? Sumaku ni kitu ya dunia, alisema Injinia, sauti imepanda. Moja itazame Nakuru, nyingine itazame Kisumu. Tuziache nje kwa baridi. Kufika asubuhi kila moja itatamani kwao.

— Na isipotamani?

— Basi hiyo haina kwao.

Waya hakucheka. Aliona mitungi ile ikipangwa mlangoni kwake, na yule mwenye spana akishuka kutoka Londiani.

Ndipo Cheptoo akatokea kituoni, kikapu kitupu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Alihamia hapo mwezi huo tu. Aliomba chai, akawatazama.

— Hizo mnazivutia nini?

— Tunatoa spana kisimani, alisema Kamati.

— Mlipozitumbukiza zikiwa pamoja, zilikataa?

Kamati alimtazama Injinia. Injinia akamtazama Waya. Waya akaangalia kidole chake.

— Sasa... alianza Injinia.

Waya alizifunga zilivyo kwa gunia na kamba, na benchi zima likamfuata hadi kisimani. Aliteremsha polepole, akaizungusha kamba chini kabisa. Ghafla mkono wake ukavutwa.

— Imeshika. Msiniguse.

Alipandisha kama mtu anayebeba yai. Kwanza kikatokea kishikio cha ndoo kilichopotea tangu mvua za mwaka jana. Chini yake, ikichuruzika tope, ilining'inia spana.

Kamati alimkumbatia Waya bila kujali tope. Injinia alianza kumweleza Cheptoo kuwa ndivyo alivyotaka kusema tangu mwanzo. Wanawake waliosikia kelele walikuja na mitungi usiku haujaingia, wakiimba, wakamrusha Waya juu na kidole chake.

Kesho yake saa nne maji yalitoka kwenye bomba la kona, mekundu kwanza, kisha meupe. Marcella alikinga sufuria ya kwanza. Alipoitenga motoni, Waya alikuja polepole na kumwekea kitu juu ya sinia. Kilikuwa kijiko, kimeoshwa vizuri.

— Nimekitoa chini ya sumaku.

Marcella alikigeuza, akawatazama wote watatu.

— Kwa hivyo jana, mkivuta na mkibishania siagi, kijiko changu kilikuwa kimeshikwa hapo hapo mbele ya macho yenu?

Kila mmoja alisogeza kikombe chake, akangoja chai.