Buluu ya Ndege ya Misheni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Kwenye treni ya Ifakara kwenda Mlimba, mwaka tisini na nane, kijana mmoja alimwambia mwenzake kwamba alipaka ndege rangi kwa miezi mitatu. Nikadakia, "Makopo mangapi, bwana?" Akajibu, "Hata moja, mzee. Ni ndege ya mchezo wa kompyuta, pale ofisini." Mimi hata baiskeli yangu kuipaka rangi ilinishinda.

Mwenzake, dada aliyevaa kitambaa cha msiba, hakucheka. "Baba yangu alikuwa fundi wa hiyo ndege ya misheni miaka ishirini. Kaomba aione tena, hata kwenye kioo cha kompyuta yako, mpaka juzi tumemzika."

"Dada Levina, ilikuwa tayari. Ila buluu ya ule mstari wa ubavuni ilinikataa, na picha zote zimepauka. Sikutaka kumwonyesha kitu cha uongo. Nani angenitajia buluu yenyewe?"

Treni ikasimama stesheni ya Mbingu. Levina akanyanyua kikapu chake.

"Aliichanganya mwenyewe, Beatus, kwa mabaki ya rangi ya madirisha ya kanisa. Na alikuwa anaumwa nyumba ya tatu kutoka kwako. Ungemuuliza."